Mtoto kakosa pointi 2 kuingia programu ya vipaji Ohio, rufaa inakatwaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Columbus, Ohio, huu mwaka wa nne tangu tutoke kambini Nyarugusu. Binti yangu yuko darasa la 3, nyumbani tunaongea Kiswahili na Kibembe, Kiingereza kakikutia shuleni. Wamepima darasa zima mtihani unaitwa CogAT, juzi imekuja barua inasema jumla kapata 126 na wao wanataka 128, kwa hiyo hajaingia programu ya watoto wenye vipaji. Chini yake kuna namba zingine, maneno 109, hesabu 131, michoro 130. Kuna na karatasi ya MAP, mtihani mwingine wa masomo, ya msimu huohuo, hesabu 96 kusoma 58. Mwalimu wake mwenyewe kaniambia huyu kwenye hesabu anawaelekeza wenzake. Baba yake anasema tuache, tusije tukaonekana wakorofi kwenye nchi ya watu. Rufaa inawezekana kweli? Na naambiwa kuna mtihani wa kulipia kwa daktari wa nje, nianze kutafuta hela?

JIBU: Marahaba mama, na hongera kwa huyo binti. Mimi ni mwanasaikolojia wa shule huku huku Ohio, yaani ndo sisi tunaowapima hao watoto, na barua za aina hiyo nimeshazisoma nyingi mno. Hela usitafute, bado. Na baba mwambie hakuna ukorofi hapo, sheria ya jimbo sura ya 3324 inaitaka kila wilaya ya shule iwe na njia ya mzazi kupinga matokeo, kwa hiyo ukiandika hakuna atakayeshtuka, kuna mtu ofisini kazi yake ni kuzisoma.

Ila kabla hatujaigusa CogAT naomba urudi kwenye ile karatasi ya MAP maana naona umeipita kama kitu kidogo. Hiyo 96 sio 96 kwa 100 kama tulivyozoea kwenye ripoti za kwetu, ni pasentaili, maana yake ukiwapanga mstari watoto 100 wa darasa lake nchi nzima yeye kawaacha nyuma 96. Sasa Ohio haina kipaji cha aina moja. Kuna mtoto anayetambuliwa kwa uwezo wa akili kwa ujumla, hapo ndo CogAT inaingia, afu kuna anayetambuliwa kwa somo moja tu, na kwa somo sheria inasema pasentaili 95 au zaidi, kwenye mtihani ulioidhinishwa na jimbo, ndani ya miezi 24. Binti yako ana 96 ya hesabu! Barua yako inaongelea CogAT peke yake, hiyo hesabu ya MAP hawajaigusa kabisa. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa kwa kodineta wa vipaji, kwa imeili, sio kwa simu, ni hili: alama ya MAP ya hesabu ya mwanangu inatosha kumtambua kwa somo la hesabu, na kama haitoshi ni kwa sababu gani? Inawezekana wakakujibu kwamba ishahesabiwa na barua ya pili iko njiani, basi nusu ya kazi imeisha bila hata rufaa.

Uliza pia walichomkatalia ni kipi, kutambuliwa au huduma. Hapa wazazi wengi wanapotea na sio kosa lao, barua zinaandikwa vibaya. Sheria ya Ohio inailazimisha wilaya kumtafuta na kumtambua mtoto, haiilazimishi kumpa darasa maalum. Mtoto anaweza kutambuliwa leo na kesho akakaa darasa lilelile kwa mwalimu yuleyule. Naona huo ni uungwana nusu lakini ndo ulivyo, na serikali kuu nayo haikusaidii, ile sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu ya 1975 ambayo inampa mzazi haki mpaka ya kusikilizwa na afisa huru haiwahusu watoto wa vipaji. Mambo yote yanaishia jimbo na wilaya.

Haya, CogAT sasa. Ina sehemu 3, maneno, hesabu na michoro, na kuanzia ngazi ya darasa la 3 ile ya maneno mtoto anasoma maneno ya Kiingereza mwenyewe, kwenye madarasa ya chini huwa ni picha. Mtoto aliyekikuta Kiingereza shuleni akipata 109 kwenye maneno na 130, 131 kwingine, mimi nikiona hivyo sisemi akili yake imepanda huku ikashuka kule, nasema tumempima lugha. Angalia kwenye karatasi ya matokeo utakuta kikodi kidogo, pengine 9B na V yenye alama ya kutoa pembeni, hiyo ndo CogAT yenyewe inakwambia sehemu ya maneno imebaki chini ya zingine. Wakichanganya zote 3 ile 109 inaivuta jumla chini mpaka 126. Lakini mtihani huohuo una alama nyingine inayounganisha hesabu na michoro bila maneno, inaitwa QN. Muombe kodineta alama ya QN ya mtoto na uulize kama orodha ya mitihani ya jimbo inawaruhusu waitumie. Sheria inawataka wahakikishe hata watoto wanaojifunza Kiingereza wanapata nafasi sawa ya kupimwa, kwa hiyo hapo huombi huruma.

Kitu kingine, na hiki kitaonekana cha kijinga lakini nimewahi kukiona kwa macho yangu: tarehe ya kuzaliwa. CogAT inamlinganisha mtoto na wenye umri wake kwa miaka na miezi. Sisi tunaandika siku kwanza, Wamarekani wanaanza na mwezi. Mtoto kazaliwa tarehe 5 mwezi wa 11 mwaka 2016, mzazi kwenye fomu kajaza 05/11/2016, karani kaingiza Mei 11. Akipimwa Oktoba 2025 ana miaka 8 na miezi 11, kompyuta inamsoma ana 9 na miezi 5, analinganishwa na watoto waliomzidi nusu mwaka, na pointi kadhaa zinaweza kuondoka hapohapo. Wewe umekosa 2. Kaangalie. Ikiwa wamegeuza, hiyo sio hata rufaa, ni kurekebisha tarehe na kukokotoa alama upya, mtoto harudii kitu. (Kwa wale ambao tarehe ya kambini iliandikwa 1 Januari kwa sababu hakuna aliyekuwa na kadi ya kliniki, hiyo ni habari nyingine, iko kwenye hati za uhamiaji, usiiguse bila mwanasheria.)

Ili uone vyote hivyo unahitaji karatasi kamili, ile barua ya ukurasa mmoja haitoshi. Sheria ya FERPA ya 1974 inakupa haki ya kuona kumbukumbu zote za mwanao shuleni na wana siku 45 kukuonyesha, lakini usisubiri zifike 45 wakati muda wa rufaa unaisha. Muda huo kila wilaya inapanga wake, utaukuta kwenye barua au kwenye sera yao ya vipaji. Kama siku ni chache tuma kwanza barua fupi, nakata rufaa na vielelezo vinafuata, afu ndo ukusanye.

Barua yenyewe isizidi ukurasa. Wazazi wetu, na mimi nawaelewa kabisa, wanaanza na safari yote toka vitani, au wanaandika mwalimu fulani anabagua, au mtoto wa jirani kaingia na wangu anamshinda. Hata kama ni kweli usiweke huko, anayesoma hana anachoweza kufanya nacho, hawezi kubadilisha uamuzi kwa sababu ya mtoto wa jirani. Anatafuta ushahidi ambao hakuwa nao siku wanakaa. Wewe unao: MAP 96, hesabu 131 na michoro 130 dhidi ya maneno 109, na alama ya OELPA, ule mtihani wa jimbo wa Kiingereza, inayoonyesha bado anajifunza lugha kama wanampima. Na yule mwalimu, mwombe aandike, hata mistari mitano, lakini sio mtoto mzuri ana bidii, hiyo haisaidii. Aandike alichokiona, kwamba siku fulani tulikuwa kwenye hesabu za sehemu (fractions) yeye akatatua kwa njia yake ambayo sikuifundisha na akaweza kuieleza. Ambatanisha daftari lenye kazi hiyo. Halafu malizia kwa kuomba kitu kinachoeleweka: mtambueni kwa hesabu kwa alama ya MAP, na kwa uwezo wa akili tumieni QN au mpimeni upya kwa mtihani usiotegemea Kiingereza. Basi.

Barua inaenda kwa supaintendenti wa wilaya au aliyemteua. Wilaya nyingi za Ohio zimeandika kwenye sera yao kwamba wataitisha kikao na mzazi na kutoa jibu la mwisho kwa maandishi ndani ya siku 30, soma ya kwenu. Kwenye kikao omba mkalimani wa Kiswahili mapema, gharama ni ya shule, na usikubali mtoto akutafsirie mambo yanayomhusu yeye mwenyewe, atapunguza makali ya maneno yako na ya kwao pia.

Kuhusu hela. Mwanasaikolojia wa nje anaweza kumfanyia WISC-V, mtihani wa akili wa mtoto mmoja mmoja, na wilaya ikaipokea mradi mpimaji awe na leseni na mtihani uwe kwenye orodha ya jimbo. Kikomo cha sheria ni hatua mbili za msambao (standard deviation, yaani alama za watoto zinavyotawanyika) juu ya wastani, ukiondoa kosa la kipimo, kwa WISC ambayo wastani ni 100 na hatua ni 15 unaanzia 130, ukitoa pointi kama 3 unakuta 127 hivi. Lakini gharama ni mamia ya dola, wengine inazidi elfu, na sheria hiyohiyo inaitaka wilaya itoe nafasi ya kupima angalau mara 2 kwa mwaka kwa watoto walioombewa na wazazi, bure. Umeshaomba hiyo? Ianze hiyo. Mimi ningefikiria kulipia kama tu wamekataa kila kitu na mpimaji anaelewa watoto wa lugha mbili, la sivyo unalipa mtu akupe ile 109 nyingine.

Na wakati unasubiri majibu kuna mlango mwingine ambao hauhitaji cheti cha kipaji kabisa. Kila wilaya Ohio lazma iwe na sera ya kumsogeza mtoto mbele, darasa zima au somo moja. Muombe mkuu wa shule kwa maandishi amfanyie tathmini ya kusogezwa hesabu tu, akae darasa la 3 na wenzake ila saa ya hesabu aende la 4. Hiyo unaweza kuituma siku moja na barua ya rufaa, haziingiliani.