Dogo usisaini Jumatatu, mimi niliuza vipande vinne vya muziki wangu kwa laki nne

Usisaini. Nimesoma swali lako lote mdogo wangu, umeuliza ununue saksafoni ya alto ya mtumba au ujichange upate mpya, umeuliza kama jazz inaweza kukulisha hapa Dar, halafu katikati umechomekea kama kitu kidogo tu kwamba kuna mwenye studio anakupa laki sita kwa vipande vyako nane "na haki zote". Hapo ndo roho imenipasuka.

Mwaka 2008 nilikuwa napiga saksafoni hotelini Ijumaa na Jumamosi, bendi ya watu sita. Nilikuwa na vipande vinne nilivyotunga mwenyewe, kimoja nilikitunga Korogwe msibani kwa bibi, usiku watu wamelala kwenye mikeka, mimi nakivumisha puani taratibu nisiwaamshe. Kiongozi wa bendi akatuletea mwenye studio, bei laki nne, keshi. Karatasi zilikuwa tano, za Kiingereza. Nikauliza hizi "haki zote" maana yake nini, kiongozi akanipiga bega, "karatasi za kawaida tu hizo, kila mtu anasaini, unataka kutuharibia?" Nadaiwa kodi ya miezi miwili, mama mwenye nyumba keshaanza kunigongea mlango alfajiri, nikasaini juu ya spika maana hata meza haikuwepo.

2011 niko kwa kinyozi povu limejaa kidevuni, nasikia melodi ya bibi inatoka kwenye TV, tangazo la mafuta ya kupikia. Nikadhani nimesikia vibaya, nikamwambia kinyozi ongeza sauti. Ni yenyewe, mpaka ile sehemu napovuta pumzi. Tangazo lile lilienda karibu miaka mitatu na mimi sikuona hata mia. Na hilo bado si kubwa. Kubwa ni 2014, nimepata pa kurekodi albamu yangu mwenyewe, mwenye studio ananiambia nikitaka kupiga kile kipande nimlipe kwanza laki tatu. Nimlipe nipige wimbo nilioutunga kwenye msiba wa bibi yangu! Albamu ikatoka bila huo wimbo, na mama mpaka leo ananiuliza ule wa bibi mbona haumo.

Yule kiongozi wa bendi nilimwita kaka, nilikula kwake. Baadaye ndo nikajua naye alikatiwa chake kwa kila saini aliyoleta. Mwenye studio alikuwa mfanyabiashara tu, ila huyu alijua kila neno lililoandikwa pale akanipiga bega. Najua kuna watakaokuja kusema hasira zote hizi kwa laki nne tu, haya, nitawapa hiyo laki nne kesho, nyie nileteeni nyimbo za bibi zenu.

Sikia sasa, kwenye jazz pesa ya muda mrefu haipo kwenye kupuliza, ipo kwenye utunzi. Solo yako ya leo usiku hotelini unalipwa leo na imeisha. Ila kipande ulichotunga, mwingine akikirekodi, redio ikikipiga, tangazo likikichukua, mtunzi anatakiwa kulipwa hata kama saksafoni yenyewe ulishaiuza. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inakupa haki hiyo maisha yako yote na miaka 50 baada ya kuzikwa, yaani wajukuu zako wanakula. Piga hesabu laki sita ugawe kwa miaka hiyo.

Tafuta habari za Gigi Gryce, mpiga alto wa Marekani aliyezaliwa 1925 Pensacola. Kule mtunzi alikuwa anakaa na nusu ya pesa ya wimbo, nusu inaenda kwa mchapishaji, yaani anayesimamia haki za utunzi, na makampuni ya rekodi yalipenda kujifanya wao ndo wachapishaji. Gryce mwaka 1955 akafungua kampuni yake ya uchapishaji, Melotone, akawa anawahimiza wenzake nao washike nyimbo zao wenyewe. Kipande chake Minority, Bill Evans alikirekodi 1958 kwa piano. Gryce baadaye aliacha jazz kabisa akawa mwalimu wa shule New York, ila watu wanaendelea kukipiga mpaka leo na jina la mtunzi ni lake.

Manu Dibango je? Yule mpiga saksafoni Mkameruni aliyepiga na bendi ya Kabasele wa Kongo mpaka Léopoldville, Kinshasa ya leo, 1961. Soul Makossa aliitoa 1972, ilikuwa upande wa pili tu wa santuri ya Kombe la Afrika. Miaka kumi baadaye Michael Jackson akachukua maneno ya wimbo huo kwenye albamu yake ya Thriller. Dibango alikuwa na pa kusimamia, akadai, wakamalizana nje ya mahakama.

Mimi nilipoenda kudai niliulizwa swali moja tu, hii saini ni yako?

Kwa hiyo akitaka rekodi muuzie rekodi, ila utunzi ubaki kwako na neno hilo liandikwe kwa Kiswahili unachokielewa. Akisema haiwezekani ondoka hata kama mfukoni huna nauli. Kabla ya Jumatatu nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukasajili vyote nane kwa jina lako, na hiyo karatasi nipigie picha unitumie inbox leo, ficha majina, nitakaa nayo usiku huu mstari kwa mstari.