Wasomaji Wauliza: Rudraksha yangu inapasuka

SWALI: Nilinunua tasbihi ya rudraksha ya punje 108 kwa ajili ya ibada ya Shiva, mungu wa Kihindu, hapa nyumbani. Haijafika hata mwaka, punje nne zimepasuka na nyingine zimeota ukungu mweupe. Muuzaji alisema ni halisi kwa kuwa zilizama majini. Je, ni bandia? Tena mama mkwe ananikataza kuhesabia kwa kidole cha shahada. Kwa nini?
– Msomaji, Mombasa

JIBU: Kupasuka peke yake hakumaanishi umeuziwa bandia. Rudraksha ni kokwa ya tunda la buluu la mti unaoota Nepal, India na Indonesia, na kokwa ikipoteza mafuta yake ya asili hupasuka kama ubao uliokauka. Kipimo cha maji usikitegemee: kokwa halisi iliyokauka huelea kwa hewa iliyomo, na mti mzito uliochongwa huzama.

Kipimo cha kuaminika unacho mkononi. Hesabu mistari inayoteremka kutoka tundu hadi tundu. Kila mstari ni mukhi, yaani uso, na nyingi zina nyuso 5. Kisha chukua moja kati ya zile zilizopasuka, ikate kwa upana kwa msumeno mwembamba. Nyuso 5, vyumba 5 vya mbegu ndani. Visipolingana, mistari ilichongwa au ilizibwa kwa gundi.

Ukungu huletwa na maziwa na msandali vinavyobaki ndani ya mistari baada ya kuiogesha tasbihi katika ibada. Sugua kwa mswaki laini na maji ya uvuguvugu bila sabuni. Sabuni ndiyo inayonyonya mafuta, kwa hiyo usioge ukiwa umeivaa tasbihi. Anika kivulini siku nzima, si juani. Ikikauka kabisa, chovya kidole katika mafuta ya ufuta, pitisha kwenye kila mstari, iache usiku kucha, asubuhi futa kwa kitambaa cha pamba. Ukiipaka ikiwa bado na unyevu, unaufungia ukungu ndani. Rudia kila baada ya miezi michache.

Punje ambayo ufa umefika kwenye tundu iondoe, uweke nyingine ili hesabu ibaki 108. Tungia uzi wa hariri au pamba, wenye fundo baina ya punje na punje: hazitasuguana, na uzi ukikatika hazitamwagika zote. Waya hula kingo za matundu.

Mama mkwe yuko sahihi. Kidole cha shahada huhesabiwa kuwa cha nafsi inayojikweza. Ilaze tasbihi juu ya kidole cha kati, uvute punje kwa kidole gumba kuelekea kwako, ukitamka mantra, yaani maneno matakatifu ya ibada, mara moja kwa kila punje. Ile ya 109, meru, yaani punje ya kichwa pale ncha za uzi zinapokutana, haihesabiwi wala hairukwi. Ukiifikia, geuza tasbihi urudi ulikotoka.