Nilikuwa afisa wa meli ya kivita: je, niandike niliyoyaona?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nilikuwa afisa wa jeshi la majini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka nchini kwetu. Kazi ya meli yetu ilikuwa kuziba bandari ya upande wa pili. Sikumpiga mtu risasi hata siku moja. Lakini alfajiri moja tulirudisha jahazi la mchele na maziwa ya unga. Nahodha wake hakubishana. Aliinua kopo la maziwa juu ya kichwa tulione, akalishikilia vivyo hivyo mpaka walipogeuza. Sasa wajukuu wanataka niandike kumbukumbu zangu. Je, si kutangaza dhambi? Na je, nina damu ya mtu?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mzee wangu, naanza na hilo la damu, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Hoja ya kutopiga risasi usiiegemee. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia tu, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie.

Kisha mtazame Thumama bin Uthal, bwana wa Yamama, eneo la Arabuni lililokuwa likiipelekea Makka ngano. Aliposilimu aliwaapia Makureshi kwamba haitawafikia hata punje ya ngano kutoka Yamama mpaka Mtume (s.a.w.) aruhusu. Makka ikabanwa na njaa. Makureshi wale wale waliomtoa Mtume mjini kwake na kumpiga vita wakamwandikia kumkumbusha udugu, naye akamwagiza Thumama aachie chakula kipite. Kila niisomapo habari hii husita hapo. Wale walikuwa maadui waliomwaga damu ya maswahaba. Wenu walikuwa wananchi wenzenu. Kuzuia silaha ni jambo jingine, wala kwa hilo sikulaumu. Maziwa ya watoto si silaha. Na amri ya mkuu wako haikuondolei dhima yote, kwani hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba.

Basi tubu, na mlango uko wazi; hata yule wa katika hadithi aliyeua watu 99, kisha akatimiza mia, hakufungiwa. Ukijua kwa yakini kuna mtu aliyekufa kwa kitendo chako, kaa na mwanachuoni aliye karibu nawe mtazame kafara ya kuua bila kukusudia iliyotajwa katika Qurani, An-Nisaa 4:92, kwa kuwa madhehebu ya Shafi huiwajibisha hata kwa aliyesababisha. Na ulishe wenye njaa, ikiwezekana wa pwani ile ile.

Kuhusu kuandika: andika. Anayekemewa katika hadithi ni yule ambaye Allah amemsitiri usiku, naye asubuhi akaamka kujisimulia kwa kujigamba. Wewe unatoa ushahidi, na ushahidi haufichwi. Ila wenzako waliofariki usiwataje kwa aibu zao. Mtume amekataza kuwatukana wafu, kwani wameshayafikia waliyoyatanguliza. Ya kwako yaseme. Alfajiri ile usiiruke, na kopo lile uliandike kama ulivyoliona, bila kuongeza neno la kukutetea.

Wallahu aalam.