Ukienda Ålesund, panga kulala usiku tatu

Wageni wengi wa Ålesund hushuka melini asubuhi, hupanda kilima cha Aksla, hupiga picha ileile ya kila kalenda, na jioni wameshaondoka. Mawingu yakiwa yameshuka siku hiyo, hata picha hawaipati. Mji huu uko kwenye visiwa vya pwani ya magharibi ya Norwei, wazi kwa bahari kuu. Mvua inaweza kuingia na kutoka mara kadhaa kwa siku moja, na anayefaidi ni mwenye nafasi ya kuisubiri ikatike. Kwa hiyo lala usiku tatu, na siku moja iache wazi kabisa, bila tiketi wala miadi. Fungua programu ya Yr, inayotolewa na idara ya hali ya hewa ya Norwei pamoja na shirika la utangazaji la taifa. Inaonyesha mvua saa kwa saa. Jua likitokea, acha unachofanya, utoke.

Norwei haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, hivyo Mtanzania au Mkenya anahitaji viza ya Schengen. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari isipungue yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe chini ya siku 15. Kwa msimu wa kiangazi peleka mapema, kwa sababu nafasi za miadi hujaa. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen haombi tena viza.

Reli haifiki Ålesund. Ndege ya kutoka Oslo huchukua kama saa moja na hutua kisiwa cha Vigra. Kutoka hapo basi hupita kwenye mahandaki mawili chini ya bahari na kukufikisha mjini kwa takriban dakika 25. Anayependa kuona nchi apande treni ya Oslo hadi Dombås, abadilishe achukue reli ya Rauma hadi Åndalsnes, kisha amalizie kwa basi kwa saa mbili na ushei. Hiyo hula siku nzima, na inastahili. Tiketi za mabasi ya mkoa hukatwa kwa programu ya FRAM. Hapa wasemaji wa Kiswahili huteleza: ratiba huandikwa kwa saa 24 za Kizungu. 17:05 ni saa kumi na moja na dakika tano jioni, si vinginevyo, na basi la pwani halingoji abiria. Badilisha saa zote kichwani kabla ya kulala, uziandike kwa namna unayozisoma nyumbani.

Malazi tafuta karibu na Brosundet, mkono wa bahari unaopita katikati ya mji kati ya visiwa vya Aspøya na Nørvøya. Ukikaa hapo kila kitu kiko umbali wa miguu. Bei ikikushinda, kuna kambi ya Volsdalen, nje kidogo ya kitovu cha mji, yenye vibanda vya mbao. Uliza mapema kama shuka zimo, kwa kuwa kwenye vibanda vya aina hii mara nyingi mgeni huja na zake au hukodi. Chagua chumba chenye jiko. Kula mgahawani mara mbili kwa siku Norwei kutamaliza fedha kabla ya safari. Nunua chakula Jumamosi, maana Jumapili maduka makubwa hufungwa. Maji ya bombani ni safi, usinunue ya chupa. Mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa tano usiku na giza lenyewe haliingii, basi beba kitambaa cha kufunika macho. Muislamu ajue kabla ni ratiba gani ya sala ataifuata, kwani isha na alfajiri hukaribiana mno.

Sasa mji wenyewe. Usiku wa tarehe 23 Januari 1904 moto ulizuka Aspøya huku upepo mkali ukivuma kutoka kusini-magharibi. Nyumba zilikuwa za mbao, zimebanana. Nyumba zipatazo 850 ziliteketea na watu wapatao 10,000 wakabaki bila makao, baridi kali, ila aliyekufa ni mtu mmoja tu. Kufikia 1907 sehemu kubwa ilikuwa imesimama tena, safari hii kwa matofali na mawe, kwa mtindo uliotamba Ulaya miaka hiyo: Jugend. Ndiyo sababu mitaa mizima ina umri mmoja.

Anzia kwenye duka la dawa la zamani, Svaneapoteket, ambalo sasa ni Jugendstilsenteret, makumbusho ya mtindo huo. Ndani bado utaona samani za duka lenyewe na chumba cha kulia cha mwenye nyumba. Kisha, palepale Aspøya, fuata mtaa wa Kirkegata polepole. Aliyezoea kusoma nakshi za milango ya Unguja au Lamu atajua la kufanya: simama, tazama juu ya kizingiti. Utaona majani yanayojipinda, nyuso za watu, mafundo ya kale ya Kinorwei, yote yamechongwa au kufinyangwa ukutani. Pita asubuhi au jioni, jua likija kwa upande. Kivuli ndicho kinachoitoa nakshi. Saa sita mchana ukuta huonekana bapa.

Ngazi za Aksla ni 418, zinaanzia bustani ya mji. Panda mapema asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni, wakati abiria wa meli hawapo. Mwavuli hausaidii, upepo huugeuza. Vaa koti la mvua lenye kofia. Majira ya baridi ngazi hushika barafu, na bila vyuma vya kufunga chini ya viatu usijaribu.

Chakula cha kupika hapa ni klippfisk, samaki aitwaye torsk aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa. Anayemjua ng'onda ataelewa mara moja. Soma pakiti: ikiandikwa «utvannet», ameshalowekwa. Vinginevyo mloweke kwenye maji baridi ndani ya friji, ngozi juu ili chumvi ishuke, kwa saa 24 hadi 48 kulingana na unene, ukibadilisha maji mara mbili tatu. Panga sufuriani viazi vya vipande, vitunguu, samaki, nyanya na pilipili, safu juu ya safu, umimine mafuta ya zeituni kwa ukarimu. Moto mdogo, saa moja au zaidi. Usikoroge, samaki atasagika, tikisa sufuria. Chumvi usiongeze kabla ya kuonja mwishoni, hapo ndipo wengi huharibu.

Siku ya jua itumie kisiwa cha Godøya, kwenye mnara wa taa wa Alnes. Ukipata siku mbili nzuri, ya pili nenda Runde, kisiwa cha ndege wa baharini, kama saa moja na nusu kwa gari. Lunde, ndege weusi na weupe wenye mdomo wa rangi nyingi, wapo kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Julai, Agosti umechelewa. Mchana huwa baharini, jioni ndio hurudi majabalini, basi usifike asubuhi ukalalamika. Usitoke kwenye njia zilizowekwa, ni hifadhi. Storjo, ndege mkubwa wa kahawia, huwashambulia wapitao karibu na kiota chake: inua fimbo juu ya kichwa, yeye hulenga kilicho juu zaidi. Mabasi ni machache na hayaendani na saa za ndege hao, hivyo kodi gari, na kabla ya kuondoka angalia kivuko cha mwisho cha kurudi ni saa ngapi.