Kinorwei au Kiitaliano: jibu la mtu aliyeishi na vyote viwili

Dada uliyeandika kutoka Mombasa ukiuliza ujifunze Kinorwei au Kiitaliano, na kipi kinazungumzwa mahali pengi: ukihesabu nchi tu, Kiitaliano kinashinda mapema. Lakini mimi nimevitumia vyote viwili, na hesabu hiyo haikunisaidia hata nusu. Nivumilie, nitaandika kirefu.

Kiitaliano nimekulia nacho. Mimi ni wa Malindi, na kwetu mtu hukiokota ufukweni kabla hajakiona kwenye kitabu. Wauza vinyago, madereva wa tuktuk, wapishi wa hoteli, wengi wanakisema bila kuingia darasa lolote. Waitaliano walijenga kituo chao cha kurushia satelaiti Ngomeni, jirani na kwetu, miaka ya 1960 (ndiko ilikorushwa ile satelaiti iliyoitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970), na watalii wakaja kwa wingi miaka iliyofuata. Utotoni niliamini lugha hii ni ya Italia na Malindi, basi.

Kisha nikapata nafasi ya kusoma Bergen, magharibi mwa Norwei. Darasani tulifundishwa kwamba "mimi" ni jeg, na "si" ni ikke. Nikapanda basi, watu wanasema eg na ikkje. Nikarudi nyumbani, jirani yangu wa chumba, kijana wa kaskazini, yeye husema æ. Nilimwendea mwalimu nimekasirika kweli, nikidhani nimefundishwa lugha nyingine.

Akanieleza kwa upole. Kinorwei kina maandishi ya aina mbili. Bokmål imetokana na Kidenmark, kwa kuwa Norwei ilikuwa chini ya Denmark kwa karne kadhaa hadi 1814. Nynorsk iliundwa na Ivar Aasen karne ya 19, baada ya kuzunguka vijijini akikusanya maneno ya watu, na bunge likaipa hadhi sawa mwaka 1885. Kuzungumza, hata hivyo, hakuna lahaja iliyowekwa kisheria kuwa ndiyo sanifu. Waziri anasema ya kwao, daktari ya kwao, mwalimu ya kwao. Ni kama taarifa ya habari isomwe leo kwa Kimvita, kesho kwa Kiunguja, keshokutwa kwa Kiamu, na msikilizaji asishangae. Mimi nililipenda jambo hilo, ila masikio yangu yalichukua mwaka mzima kuzoea.

Italia ni kinyume chake. Nilipofika Napoli niliwasikia wachuuzi wawili wakibishana, sikuambulia neno. Kinapoli, Kisisilia na Kivenesia vimetengana kiasi kwamba wataalamu wengi huviita lugha kamili. Lakini waliponigeukia mimi mgeni, papo hapo wakasema Kiitaliano sanifu, kile chenye asili ya Firenze, na nikajiona niko Malindi.

Sasa ramani yenyewe. Kinorwei kinatawala Norwei, yenye watu kama milioni 5.5, pamoja na visiwa vya Svalbard kule kwenye barafu. Hakuna nchi nyingine iliyokifanya lugha ya taifa. Wanorwei mamia ya maelfu walihamia Marekani, Minnesota na North Dakota hasa, ila wajukuu wao karibu wote wanasema Kiingereza. Ukiishia hapo utasema lugha hii ni ndogo. Mimi nilikwenda Göteborg, Uswidi, nikauliza njia kwa Kinorwei, nikajibiwa kwa Kiswidi, tukaelewana hadi mwisho. Denmark nilisoma magazeti bila shida, ingawa kusikiliza kulinishinda. Hata hamsini yao, halvtreds, haifanani na femti ya Norwei. Kwa hiyo unajifunza moja, na lugha mbili za jirani zinakufungukia.

Kiitaliano kimetawanyika namna nyingine. Italia kuna watu karibu milioni 59, kisha San Marino na Vatikani. Uswisi nako Kiitaliano ni moja ya lugha nne za taifa: nilipanda treni kutoka Zurich, nje mabango yote ya Kijerumani, tukaingia handaki la Gotthard lenye urefu wa kilomita 57, kutokea upande wa pili jimbo la Ticino, kila bango ni Kiitaliano. Pwani ya Slovenia na Istria, Kroatia, nako kina hadhi rasmi kando ya lugha ya nchi. Malta kilikuwa rasmi hadi 1934. Wala usidhani Italia yote ni yake: mkoa wa Bolzano, kaskazini, wengi wa wakazi ni wasemaji wa Kijerumani.

Afrika kilikuja kwa ukoloni, Eritrea, Somalia na Libya. Chuo kikuu cha taifa cha Somalia kilifundisha masomo mengi kwa Kiitaliano miaka ya 1970 na 1980. Siku hizi kimebaki zaidi kwa wazee, na hapo ndipo kisa changu kinapokuja. Ghorofa ya chini kule Bergen aliishi mama mmoja wa Asmara, mji mkuu wa Eritrea. Kinorwei chake kilikuwa kidogo, changu kibovu, Kitigrinya sikijui. Siku moja ngazini mfuko wake ukapasuka, machungwa yakabingirika, akasema "mamma mia" kwa sauti ya chini. Nikamjibu kwa Kiitaliano. Alinishika mkono hakuuachia. Tangu siku hiyo kila Jumamosi nilikunywa kahawa kwake, tukizungumza lugha ambayo yeye aliipata shuleni Asmara na mimi ufukweni Malindi.

Kwa hiyo kabla hujalipa ada, dada, tuambie unakwenda wapi hasa. Kama ni Norwei, taja na mji, maana ukipangiwa eneo la Sunnmøre, magharibi, barua za manispaa nyingi zitakuja kwa nynorsk, na kozi nyingi za wageni hufundisha bokmål. Kama bado hujajua, anza na Kiitaliano. Maneno yake mengi huishia na vokali kama yetu, na hapo ulipo ukipanda matatu asubuhi, mchana uko Malindi na una wa kuzungumza naye.