Namba 11 kwenye hemogramu ya mgonjwa aliyevuja damu ubongoni

Swali: Daktari, baba yangu ana miaka 67 na ni mgonjwa wa presha. Jana alianguka hapa Ahero, tukamkimbiza Kisumu, na CT scan ikaonyesha damu imevuja ndani ya ubongo. Hemogramu (hesabu ya chembe za damu) inasema neutrofili 88%, limfosaiti 8%, yaani aina mbili za chembe nyeupe. Binamu yangu anayesomea uuguzi amegawanya ya kwanza kwa ya pili akapata 11, na anasema wenye namba hiyo hawaponi. Mimi ndiye binti mkubwa. Niwaambie nini watu wa nyumbani?

Jibu: Pole sana, dada. Hesabu ya binamu yako ni sawa, lakini usiwaambie kwamba mzee haponi.

Damu inapovuja ubongoni, mwili humwaga kotisoli na adrenalini, homoni za msongo. Neutrofili hupanda, limfosaiti hushuka. Ni kweli tafiti zimeona kuwa wagonjwa wenye uwiano mkubwa wa neutrofili kwa limfosaiti hufariki zaidi. Ila uwiano huo huvurugwa na mambo mengi. Malaria hushusha limfosaiti. Nimonia hupandisha neutrofili. Je, alidungwa deksamethasoni, dawa ya steroidi, kabla hajafika Kisumu? Sindano hiyo peke yake hubadilisha namba zote mbili kwa saa chache tu. Tena Waafrika wengi wana neutrofili chache kwenye damu tangu kuzaliwa, kwa sababu ya jeni ya Duffy, na wala si ugonjwa. Basi mpaka uliowekwa kwa kupima wagonjwa wa Uchina au Ulaya hautufai moja kwa moja huku kwetu.

Kipimo cha ubashiri kinachotumika sana, kilichochapishwa na Hemphill na wenzake huko Marekani mwaka 2001, hakina kipimo chochote cha damu. Kinaangalia ufahamu wa mgonjwa kwa alama za Glasgow, kama amefika miaka 80, kama damu iliyovuja imefika mililita 30 (kama vijiko viwili vya mezani), kama imeingia kwenye vyumba vya maji vya ubongo, na kama imevujia sehemu ya chini, kwenye shina la ubongo au serebela (ubongo mdogo wa nyuma). Kwa umri, mzee hapati alama mbaya. Hayo mengine muulize daktari wa wodi. Majibu yako kwenye CT scan na kwenye faili.

Vipimo vya damu ninavyovijali mimi ni vile vinavyotufanya tuchukue hatua. INR, kipimo cha jinsi damu inavyoganda, ile damu ya chupa yenye kifuniko cha bluu: kama mzee hutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, sema leo hii, kwa sababu dawa za kuizima zipo na kila saa ina maana. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda. Sukari pia, ambayo hupanda hata kwa asiye na kisukari na huendana na matokeo mabaya. Hushushwa polepole, maana ikishuka mno ubongo huumia zaidi.

Mkiulizwa kuhusu kusitisha juhudi za kumwokoa, ombeni kungoja. Mwongozo wa Marekani wa 2022 unashauri uamuzi huo usifanywe kabla ya siku ya pili kamili hospitalini, isipokuwa mgonjwa mwenyewe aliacha wosia kuhusu matibabu. Wagonjwa wengine wamekufa kwa sababu tuliwakatia tamaa mapema, halafu vifo vyao vikahesabiwa kuwa ushahidi kwamba hawangepona.

Na tafadhali, asipewe uji wala chai, hata kijiko kimoja, kabla wauguzi hawajampima kumeza. Uji ukiingia mapafuni huleta nimonia, na hiyo huua wengi waliokwisha kuvuka siku za kwanza.