Kwa nini .60 na .70 hazionani kwenye /26

Ndugu, umeuliza kwa nini kompyuta yenye anwani ya IP (namba ya kompyuta kwenye mtandao) 192.168.1.60/26 haiipati 192.168.1.70/26 ilhali zote zimechomekwa kwenye swichi moja (kifaa kinachounganisha kompyuta za karibu). Usijione mzito, hapa wengi tunakwama.

Weka fomula pembeni, chukua karatasi. Anwani hiyo ina biti 32, yaani 0 na 1 thelathini na mbili. /26 inasema biti 26 za mwanzo ni jina la mtaa (yaani mtandao mdogo, subnet), 6 zilizobaki ni namba ya nyumba. Biti 6 zinatoa namba 64, basi kwenye namba ya mwisho ya anwani, baada ya nukta ya tatu, ruka kwa 64: 0, 64, 128, 192. Hapo ndipo kila mtaa unapoanzia. Sasa tazama: 60 inaangukia mtaa wa 0 hadi 63, na 70 inaangukia wa 64 hadi 127. Kompyuta ya kwanza ikishaona mwenzake ni wa mtaa mwingine, haimtafuti kwenye swichi kabisa, inampa mzigo (data) ruta, kifaa kinachounganisha mitaa. Ruta haipo? Mzigo hauendi popote.

Halafu kwenye mtaa huu wa pili usiipe kompyuta yoyote 64 yenyewe wala 127: ya kwanza ni jina la mtaa, ya mwisho ni ya kutangazia wote. Zinabaki 62.

Vikokotoo vya mtandaoni viache kwanza, vinakupa jibu bila kukuonyesha njia. Jaribu 192.168.1.200/27 kwa mkono. Ukipata mtaa unaanzia 192 na kuishia 223, umeshaelewa. Usipopata, andika hatua zako hapa tuzipitie pamoja.